Shajara ya Mradi: Kunyamazisha Jeni za Mnyoo wa Kichocho, Kisumu

Wiki ya 1

Shajara hii inaanza katika wiki ambayo hakuna jaribio hata moja lililofanyika. Siku tano zimeishia katika kusafisha meza, kupima upya pipeti na kutupa chupa zisizo na lebo ambazo waliotutangulia walituachia katika friza. Mradi wenyewe unaelezeka kwa maneno machache: tunatafuta jeni za mnyoo wa kichocho cha tumbo, Schistosoma mansoni, ambazo zikinyamazishwa mnyoo hushindwa kuishi au kufanya kazi yake, ili wanakemia wajue pa kuielekezea dawa mpya. Tumechagua jeni tano. Mbili zimekwisha kuchunguzwa na watu wengine, na tunazitumia kujipima wenyewe kama mikono yetu inafanya kazi sawasawa. Tatu ni zetu, zote za vimeng'enya vya jamii ya kinasi, yaani vile vinavyobandika fosfati kwenye protini nyingine, nami nitaziita K1, K2 na K3 mpaka kazi itakapokomaa kiasi cha kuzitaja.

Jirani yangu wa hapa Kisumu aliniuliza kwa nini tusumbuke ilhali dawa ipo na watoto wanapewa shuleni bure. Ni swali la haki. Tangu mpango wa kitaifa wa dawa za minyoo shuleni uzinduliwe mwaka 2012, wengi tumewaona watoto wa kando ya ziwa wakisimamishwa kwenye ufito uliochorwa mistari, urefu wao ukionyesha watameza vidonge vingapi vya prazikwanteli, halafu wakikunja uso kwa uchungu wa vidonge vyenyewe. Dawa hiyo huwaua vizuri minyoo waliokomaa, lakini wachanga, wale wenye wiki chache tu mwilini, huwaponyoka. Na haimkingi mtoto anayerudi majini kesho yake. Zaidi ya hayo, kwa kichocho tunategemea dawa hiyo moja, na vimelea wakija kuizoea hatuna ya pili ya kushika mahali pake. Jambo linalonishangaza kila nikilifikiria ni kwamba mlango ambao prazikwanteli huupitia kumdhuru mnyoo, yaani protini ya jamii ya TRPM inayopitisha chembe za kalisi, ulitambuliwa mwaka 2019, miongo kadhaa baada ya dawa kuanza kutumika. Ufunguo ulipatikana kwanza, kufuli likajulikana baadaye. Sisi tunajaribu kuanza na kufuli.

Wiki ya 2

Nimeandika ukurasa mmoja wa maelezo kwa ajili ya wanafunzi wawili wa mazoezi waliojiunga nasi, na naunakili hapa kwa sababu kuuandika kulinisaidia mimi mwenyewe.

Jeni ni agizo lililohifadhiwa ndani ya kiini cha seli. Agizo hilo halitoki. Kinachotoka ni nakala yake, RNA mjumbe, ambayo hupelekwa kama barua hadi mahali protini zinapoundwa. Katika kunyamazisha jeni hatuligusi agizo la asili. Tunachana barua njiani. Tunamlisha mnyoo RNA ya nyuzi mbili yenye maneno yaleyale ya barua tunayoilenga, seli zake zinaikata vipande vifupi vya herufi ishirini na kitu, kisha uzi mmoja wa kila kipande unakabidhiwa protini iitwayo Argonauti, ambayo huutumia kama kielelezo cha kutafutia barua inayofanana nao na kuikata. Andrew Fire, Craig Mello na wenzao walilieleza jambo hili mwaka 1998 kutokana na mnyoo mdogo wa udongoni, Caenorhabditis elegans, na mwaka 2006 Fire na Mello wakapewa Tuzo ya Nobeli. Kwa mnyoo wa kichocho, taarifa za kwanza kwamba njia hii inafanya kazi zilichapishwa mwaka 2003.

Mmoja wa wanafunzi aliuliza kwa nini tusichague minyoo wa tumbo au wa safura, ambao huku magharibi nao wamejaa. Nilimjibu kwamba ajabu ya kazi hii imo humo humo. Yule C. elegans hunyamazishwa kwa urahisi mno, hata kwa kulishwa bakteria waliobeba RNA hiyo, na kila mtu alitarajia kwamba binamu zake wanaoishi matumboni mwa watu na mifugo wangekuwa hivyo hivyo. Hawakuwa. Katika minyoo wengi wa aina hiyo, jeni moja hunyamaza na ya pili hukataa, na jaribio lililofaulu leo hugoma kurudiwa kesho, kwa sehemu kwa sababu baadhi yao hawana zile protini ambazo kwa C. elegans huipokea RNA na kuisambaza mwilini. Mnyoo wa kichocho, ambaye ni wa ukoo mwingine kabisa, wa minyoo bapa, ndiye aliyegeuka kuwa msikivu: ukimlowesha katika RNA ya nyuzi mbili, hunyamaza karibu mwili mzima.

Wiki ya 3

Asubuhi mbili za wiki hii tulikuwa ziwani upande wa Dunga pamoja na mzee anayetunza konokono wa maabara, ambaye sote tunamwita Jaduong', na ambaye anajua kona za mafunjo kuliko ramani yoyote tuliyo nayo. Konokono tunaowataka, ambao ndani yao mnyoo wa kichocho hukulia kabla ya kumwingia mtu majini, ni wa jenasi Biomphalaria, bapa kama kitufe cha koti, na huwa wanang'ang'ania mashina ya mafunjo na mizizi ya magugu maji. Jaduong' huchota kwa chujio la waya lenye mpini mrefu, hulitikisa mara mbili juu ya maji, kisha huwachagua konokono kwa kibano na kuwaweka katika kopo lililotandikwa karatasi mbichi. Viatu vyake vya mpira vinafika mapajani, na hamruhusu mwanafunzi yeyote kukanyaga maji bila viatu kama hivyo.

"Mwanangu, kichocho hakiombi kitambulisho," alimwambia mmoja aliyetaka kuvua viatu ili asiviloweshe.

Tuliporudi tuliwaweka konokono mmojammoja katika vishimo vyenye maji kidogo, chini ya taa, kwa saa mbili. Wengi hawakutoa kitu. Wachache walitoa serkaria, yaani mabuu wenye mkia uliogawanyika mara mbili, lakini wa konokono watatu kati yao walikuwa na vidoa viwili vyeusi vya macho, ambavyo serkaria wa S. mansoni hawana, hao kwa kawaida ni mabuu wa vimelea wa ndege. Na hata wale wasio na macho, kuna spishi ya panya inayofanana mno na ya binadamu kiasi kwamba hadubini peke yake haitoshi kuwatofautisha. Ndiyo maana Daktari, msimamizi wetu, ameshikilia kwamba majaribio yote yatumie konokono waliozaliwa hapa hapa maabarani, ambao hawajawahi kuliona ziwa, na ambao tunawaambukiza wenyewe.

Kuambukiza kulifanyika Ijumaa. Mayai tuliyapata katika kinyesi cha watu wazima waliokubali kwa maandishi na ambao walipewa dawa mara tu baada ya kutoa sampuli. Yai la S. mansoni halikosewi: lina mwiba ubavuni, kama mwiba wa waridi uliobaki kwenye shina. Ukiliweka katika maji safi chini ya mwanga, muda si mrefu buu mwenye manyoya laini, mirasidia, anaanza kujigeuzageuza ndani ya ganda mpaka linapasuka, naye anatoka kwa kasi kana kwamba amechelewa basi. Kila konokono alipewa mirasidia sita katika kikombe chake. Sasa ni kusubiri wiki tano.

Wiki ya 4 hadi ya 7

Tunatengeneza RNA. Kwa kila jeni tunachagua kipande cha herufi kama 500, tunakizidisha kwa mashine ya PCR, yaani ya kurudufisha DNA, kwa vianzishi (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia nakala) vilivyofungiwa alama ya T7 pande zote mbili, kisha kimeng'enya cha T7, kinachoitambua alama hiyo, kinanakili nyuzi zote mbili kuwa RNA, nazo zinaungana zenyewe. Kama kidhibiti, yaani kundi la kulinganishia, tunatumia RNA ya jeni ya lusiferasi, ile ya kimulimuli, ambayo mnyoo hana, ili tukiona badiliko tujue kwamba halikusababishwa na kulowekwa katika RNA yoyote ile.

Matoleo mawili ya kwanza yaliharibika. Katika jeli tulitarajia mstari mmoja mkali, tukapata ukungu unaoteremka kutoka juu hadi chini kama moshi wa kuni mbichi, dalili kwamba RNA imekatwakatwa na vimeng'enya vinavyotoka jasho la vidole, mate na vumbi. Tulibadilisha maji, tukatenga pipeti za RNA peke yake, na nikapiga marufuku simu mezani. Toleo la tatu lilitoka safi. Vianzishi vya K1 vilichelewa kwa msambazaji kwa siku kumi na nane, na sina la kuongeza juu ya hilo.

Wiki ya 8

Konokono wametoa.

Tuliwaweka chini ya taa saa tatu asubuhi, na ilipofika saa nne na nusu maji katika vikombe kumi na vinne yalikuwa yamejaa vidoti vinavyopanda na kushuka, mkia ukitangulia. Serkaria hali chochote. Anaishi kwa akiba aliyotoka nayo kwa konokono, na akikosa ngozi ya mtu hufa ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo hapana muda wa chai. Tuliwapoza kwa barafu, tukawakusanya chini ya mrija, tukawapitisha kwa nguvu kwenye sindano nyembamba mara kadhaa ili mikia ikatike, kisha tukawamimina katika sahani na kuizungusha polepole kama mtu anayepeta mtama. Miili ni mizito, hukusanyika katikati. Mikia hubaki ikielea pembeni, mingine ikiendelea kutapatapa yenyewe bila mwenyewe, jambo ambalo wanafunzi walilitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyowaruhusu.

Aliyepoteza mkia ndiye skistosomula, na mabadiliko yake ni ya haraka sana. Saa chache tu zilizopita aliishi katika maji baridi. Sasa maji hayohayo yanamuua, na anachokitaka ni joto la nyuzi 37, sukari, seramu na hewa yenye kaboni dioksidi ya asilimia 5. Tulijaza sahani tatu zenye vishimo 24, kila kishimo kikiwa na minyoo kama mia moja, tukaweka RNA, tukafunga inkubeta.

Wiki ya 9

Minyoo wote wamekufa, pamoja na wale wa kidhibiti.

Maji ya kukuzia yana rangi inayoonyesha uchachu: yakiwa sawa huwa mekundu ya kuelekea waridi, na yakichacha hugeuka manjano. Jumatatu asubuhi nilifungua inkubeta nikakuta sahani mbili kati ya tatu ni manjano tupu. Chini ya hadubini bakteria walikuwa wakichemka na minyoo wamelala kati yao kama magogo. Hakuna wa kulaumiwa isipokuwa mimi. Konokono anaishi katika uchafu wake mwenyewe na majani ya letasi yaliyooza, serkaria hutoka humo wakiwa wamebeba vijidudu, na siku ile, kwa haraka ya kuwahi, niliwaosha mara moja badala ya mara tatu. Sahani ya tatu, ambayo mwanafunzi mmoja aliiandaa kwa kufuata maelekezo niliyoandika kwa mkono wangu mwenyewe, ilikuwa safi mpaka umeme ulipokatika Jumanne usiku, jenereta ikawaka, lakini inkubeta ikarudi na joto bila gesi.

Hasara hii ina faida moja ambayo sitaki kuipuuza. Kama tusingeweka vishimo vya lusiferasi, na kama bakteria wangeingia katika vishimo vya K1 peke yake, leo ningekuwa naandika barua ya furaha.

Wiki ya 10

Awamu mpya ya serkaria kutoka kwa konokono walewale. Tumeosha mara tatu, tumetia penisilini na streptomaisini, na fundi amefunga kengele inayolia gesi ikipungua.

Wiki ya 11

Jeni ya kwanza ya kujipimia ni ya kathepsini B, kimeng'enya cha utumbo ambacho mnyoo hukitumia kuvunja himoglobini ya damu anayokula. Tumechukua baadhi ya minyoo siku ya tano, tukatoa RNA yao na kuipima kwa PCR inayohesabu mizunguko. Hesabu yake ni rahisi: kila mzunguko unaongeza nakala mara mbili, kwa hiyo sampuli inayochelewa kwa mzunguko mmoja ilianza na nusu ya barua. Minyoo walionyamazishwa wamechelewa kwa mizunguko mitatu ukilinganisha na kidhibiti, baada ya kusawazisha kwa jeni ya tubulini ambayo hatukuigusa. Maana yake imebaki barua moja kati ya nane. Tulipeana mikono.

Kisha tukatazama minyoo wenyewe, na hawakuwa na neno. Walijinyoosha na kujikunja kama wenzao. Tulipowapa chembe nyekundu za damu, matumbo yao yakaingia weusi, ile masazo ya damu iliyomeng'enywa, karibu sawa na ya kidhibiti. Nilikaa na jambo hili siku mbili kabla ya kukubali jibu ambalo lilikuwa wazi tangu mwanzo. Kuchana barua za leo hakuwafukuzi wafanyakazi walioajiriwa kwa barua za jana. Protini iliyokwisha kuundwa inaendelea kufanya kazi mpaka ichakae, na nyingine huchakaa polepole. Tulipopima utendaji wa kimeng'enya chenyewe, kwa kipande cha protini kinachong'aa kikikatwa, siku ya tano mng'ao ulikuwa umeshuka kidogo tu, na siku ya kumi na moja ulikuwa umeshuka sana. Hata hapo minyoo hawakufa. Walikuwa wadogo kuliko wenzao, basi. Hili linaafikiana na yaliyochapishwa na wengine, kwamba mnyoo aliyenyimwa kathepsini B hudumaa lakini huishi.

Nimebadilisha mpango. Kila jeni itatazamwa kwa siku 21, si 7, na RNA itaongezwa upya kila mara tunapobadilisha maji. Inaongeza gharama, na Daktari alinuna kidogo alipoona hesabu, lakini alitia sahihi.

Wiki ya 13

Jeni ya pili ya kujipimia ni TGR, na hii haikutuchosha. Mwaka 2007 watafiti waliripoti kwamba minyoo walionyamazishwa jeni hii walikufa ndani ya siku 4, na wetu walianza kuwa weusi weusi na kuvimba siku ya tatu. Siku ya tano ile rangi nyekundu inayoingia tu katika mwili uliokufa ilijaza kishimo kizima.

Inafaa kueleza kwa nini TGR hupendwa sana na watafuta dawa, kwa sababu ndiyo kipimo ninachotumia kuzitazama K zetu. Mwili wa mtu una vimeng'enya viwili tofauti vya kujikinga na sumu za oksijeni, kila kimoja na njia yake; kikizuiwa kimoja, kingine husaidia. Mnyoo wa kichocho ameziunganisha kazi hizo mbili katika kimeng'enya kimoja, TGR, naye anaishi katika damu, ambako sumu hizo hazimpi nafasi ya kupumua. Ukikizuia hicho kimoja umemfungia milango yote. Auranofini, dawa yenye dhahabu iliyotengenezwa kwa ajili ya baridi yabisi, hukizuia, na katika panya waliokuwa na kichocho ilipunguza idadi ya minyoo kwa takriban asilimia 60. Jeni ikimuua mnyoo haijawa shabaha bado. Inakuwa shabaha pale tofauti kati ya mnyoo na mgonjwa inapoacha upenyo wa kupitisha dawa.

Wiki ya 15

Jumatano niliandika katika karatasi ya matokeo, kwa kalamu nyekundu, kwamba K2 inapooza minyoo. Siku ya kumi na mbili, minyoo wa K2 walikuwa wakisogea kwa uvivu dhahiri, wengine wakitulia sekunde kumi nzima bila mkunjo. Nilimwita Daktari. Alitazama kwa hadubini, akakaa kimya, kisha akauliza:

"Sahani hii aliipanga nani?"

"Mimi, Daktari."

"Na aliyehesabu ni nani?"

"Mimi."

Hakuongeza neno, na hakuhitaji. Alimwomba dada anayefanya kazi ya malaria katika chumba cha pili atupangie sahani mpya kwa namba za siri, aifunge karatasi ya majibu katika bahasha, na mimi nihesabu bila kujua kilichomo. Alhamisi nilihesabu vishimo vyote 24. Ijumaa tulifungua bahasha. K2 haikutofautiana na lusiferasi hata kidogo.

Nilitamani kusema kwamba macho yangu yalidanganywa na matumaini, na kwa sehemu ni kweli, lakini kulikuwa na sababu ya kimwili pia, ambayo dada yule aliiona kabla yangu. Katika sahani yangu nilikuwa nimepanga kwa mfuatano, lusiferasi safu ya kwanza na K2 safu ya mwisho, na kuhesabu sahani nzima kunachukua kama dakika arobaini. Chumba kina kiyoyozi. Mnyoo aliyezoea nyuzi 37 akikaa nje dakika arobaini hupoa, na mnyoo aliyepoa huwa mzito. Kila nilipofika safu ya mwisho nilikuwa natazama baridi, nikaiita K2. Nilirudi katika daftari nikakagua hesabu za K1 za wiki iliyopita, ambayo nilikuwa nimeipanga safu ya tano, nayo ilikuwa na "uvivu kiasi". Nimeifuta hiyo pia.

Utaratibu mpya: namba za siri kwa kila sahani, mpangilio wa kubahatisha, vishimo sita tu vinatoka inkubeta kwa wakati mmoja juu ya bamba lenye joto, na kila kishimo kinarekodiwa video ya sekunde thelathini ambayo mtu wa pili anaihesabu peke yake. K1 na K2 zimerudi mwanzo wa foleni.

Wiki ya 16

Hakuna la maana. Konokono tisa wamekufa kwa joto la tangi. Jaduong' amehamisha matangi upande wa kivuli na anasema alituambia tangu Januari. Alituambia kweli.

Wiki ya 18

K3 imetoa kitu, na safari hii naandika kwa penseli.

Katika makundi mawili tofauti ya serkaria, yaliyopatikana kwa wiki tofauti, minyoo wa K3 walianza kupoteza mwendo kati ya siku ya tisa na ya kumi na moja. Wahesabuji wawili waliokuwa hawajui kilichomo waliafikiana. Barua za K3 zimeshuka kwa mizunguko miwili na nusu. Minyoo hawajafa: rangi nyekundu haiingii, matumbo yao ni meusi vizuri, na ukiwagusa kwa ncha ya pipeti hujikunja upande mmoja tu, kama mtu aliyelalia mkono ukafa ganzi.

Mwanafunzi mmoja alivunjika moyo kwamba hawakufa. Mimi sikuvunjika moyo, na sababu iko katika kazi iliyochapishwa mwaka 2020 na maabara ya James Collins, Chuo Kikuu cha Texas Southwestern huko Dallas. Wao walinyamazisha jeni 2,216 katika minyoo waliokomaa, moja baada ya nyingine, kati ya jeni karibu 11,800 zilizokadiriwa jenomu, yaani DNA yote ya mnyoo, iliposomwa mwaka 2009, na 261 zikaonyesha athari. Mbili kati ya zile zilizowavutia zaidi zilikuwa za kinasi, TAO na STK25, ambazo zikinyamazishwa misuli ya mnyoo hulegea. Dalili ya kwanza waliyokuwa wakiitafuta ilikuwa jambo dogo: mnyoo mzima hujishikiza chini ya sahani kwa kinyonyeo chake, na aliyeathirika huachia. Katika mwili wa mgonjwa kuachia ni msiba mkubwa, kwa kuwa mnyoo huyo anaishi katika mishipa ya damu ya utumbo, na asipoweza kujishikiza damu humchukua hadi kwenye ini, ambako kinga ya mwili inamsubiri. Prazikwanteli yenyewe hufanya hivyo: inamkaza misuli, anaachia, anasombwa. Kwa hiyo mnyoo aliyepooza si nusu ya matokeo.

Kinachonizuia kushangilia ni mambo mawili. La kwanza, kinasi za binadamu na za mnyoo zinafanana sana mahali pa kufanyia kazi, tofauti na ile hali ya TGR. Nimelinganisha mfuatano wa K3 na wa ndugu yake wa kibinadamu, na mfuko ambamo dawa ingekaa unafanana kuliko nilivyopenda. La pili, vipande vya RNA yetu vinaweza kuwa vimechana barua ya jeni nyingine inayofanana na K3, na tukawa tunamsifu asiyehusika. Dawa ya shaka hiyo ni kunyamazisha tena kwa RNA iliyotokana na sehemu nyingine kabisa ya jeni hiyohiyo. Kama minyoo watapooza tena, hoja inakuwa na miguu miwili.

Wiki ya 20

Vianzishi vya kipande cha pili cha K3 vimefika, safari hii kwa siku sita. Toleo la RNA limetoka na mstari mmoja mkali katika jeli. K1, ikihesabiwa kwa siri, haina athari mpaka siku ya 21, na nimeifunga. K2 bado iko siku ya 14.

Tatizo ni konokono. Wale wa wiki ya 3 wameanza kuishiwa, kila siku wanatoa serkaria wachache zaidi, na jaribio la kipande cha pili linahitaji sahani nne. Nilikwenda kwa Jaduong' alasiri kumuuliza kama anaweza kunipa wachanga.

"Unahitaji wangapi?"

"Sitini, Jaduong'."

"Nina hamsini na wawili wenye ukubwa unaofaa. Wengine bado watoto, usiwaonee."

Tumewaambukiza hao hamsini na wawili leo, mirasidia sita kwa kila kikombe, kuanzia saa kumi alasiri hadi giza lilipoingia. Amewafunika kwa kitambaa cheusi na kuandika kwenye tangi tarehe watakayotoa, wiki tano kutoka leo, kwa chaki.